Kasi ya intaneti ya nyumbani ipimwe, na mkataba utaje kiwango kinachopimika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sasa linagusa kaya nyingi za Mbeya, Iringa, Njombe na miji iliyo kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma, nalo ni kasi ya intaneti tunayoilipia kila mwezi majumbani mwetu. Malalamiko ni mengi, tena ya haki kwa sehemu kubwa, lakini mengi huishia kwenye maneno kama "mtandao uko chini" au "mtandao unasumbua", ambayo hayamwonyeshi fundi aanzie wapi wala hayambani mtoa huduma kwa lolote. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari hapa Uyole, na kwa kuwa majirani wanajua kwamba napenda namba, huniita mara kwa mara niwaangalizie ruta zao. Kutokana na niliyoyaona katika nyumba hizo nina hoja moja. Kasi ya intaneti ni kitu kinachopimika, mteja anaweza kuipima mwenyewe bila gharama kubwa, na kwa sababu hiyo mkataba wa huduma ya nyumbani unapaswa kutaja kiwango ambacho mteja anaweza kukipima sebuleni kwake jioni, na kukidai kisipofika.

Nianze na kipimo chenyewe, kwa sababu hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ambayo huandikwa Mbps kwa b ndogo, ilhali kompyuta inapopakua faili huonyesha megabaiti kwa sekunde, ambayo huandikwa MB/s kwa B kubwa, na baiti moja ina biti nane. Mteja aliyelipia megabiti 20 akiona kompyuta yake inapakua kwa megabaiti mbili na nusu kila sekunde, anapata chote alicholipia, ingawa namba anayoiona ni ndogo mara nane kuliko ile ya kwenye tangazo. Kwa kasi hiyo faili la gigabaiti moja huchukua karibu dakika saba kushuka. Jirani yangu mmoja alinijia akiwa amekwishavaa viatu vya kutokea, akaniambia, "Mwalimu, hawa watu wananiibia mchana kweupe," na tulipogawanya namba yake kwa nane tukakuta huduma yake haina kasoro yoyote. Simlaumu hata kidogo. Megabiti ndicho kipimo cha mawasiliano duniani kote, na kampuni hazikosei kukitumia. Kinachokosekana ni mstari mmoja wa Kiswahili kwenye karatasi ya kifurushi unaosema kwamba megabiti 20 zitaonekana kwenye kompyuta kama megabaiti mbili na nusu.

Programu za kupimia ni za bure. Inayojulikana zaidi ni Speedtest ya kampuni ya Ookla ya Marekani, iliyoanza mwaka 2006, na nyingine iliyo rahisi kuliko zote ni tovuti ya Fast.com, ambayo Netflix iliitoa mwaka 2016. Zote mbili hufanya kazi kwa namna inayofanana: kifaa chako huvuta data kwa wingi kutoka kwenye seva, yaani kompyuta iliyo mtandaoni kwa ajili ya kutoa data, kwa sekunde kadhaa, programu inahesabu ni biti ngapi zimefika kwa kila sekunde, kisha inapima upande wa pili, yaani data inayotoka kwako kwenda nje. Tofauti iko kwenye seva. Speedtest huchagua yenyewe seva iliyo karibu na inayojibu haraka, na seva hizo mara nyingi zimewekwa na kampuni za mawasiliano zenyewe, pengine ndani ya mtandao uleule unaokuhudumia. Fast.com huvuta data kutoka kwenye seva za Netflix, popote zilipo. Ndiyo maana mtu hupata megabiti 30 kwa programu ya kwanza na 12 kwa ya pili katika dakika zilezile, akadhani moja inadanganya. Hakuna iliyodanganya. Ya kwanza imepima kipande cha njia kilicho kati ya nyumba yake na mtoa huduma wake, na ya pili imepima njia ndefu zaidi inayopita mikononi mwa wengine. Kwa kuwa Speedtest inaruhusu kubadilisha seva, mpimaji apime kwanza kwa seva iliyochaguliwa na programu, kisha apime tena kwa seva ya kampuni nyingine iliyoko Dar es Salaam au Nairobi, na aandike majibu yote mawili. Anayetumia bando la kiasi maalumu ajue pia kwamba kupima kunakula data: sekunde kumi za kupakua kwa kasi ya megabiti 50 ni zaidi ya megabaiti 60, kabla hata upande wa kupakia haujapimwa.

Sasa niingie ndani ya nyumba, kwa sababu huko ndiko nilikoona kasi nyingi ikipotelea. Nyumba zetu za Nyanda za Juu Kusini zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, kuta zake ni nene kwa ajili ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba, na fundi wa intaneti anapokuja huiweka ruta pale waya unapoingilia, ambapo mara nyingi ni nyuma ya televisheni, chini, ndani ya kabati lililosongamana vitu. Mawimbi ya waifai katika ruta nyingi za majumbani husafiri kwa masafa ya aina mbili. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri kiasi, lakini hayana nafasi kubwa na hugombaniwa na ruta za majirani wote; masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa zaidi, ila ukuta wa tofali huyapunguza sana. Katika nyumba moja ya Isyesye yenye kifurushi cha megabiti 40, nilisimama hatua mbili kutoka kwenye ruta, simu ikiwa kwenye gigahezi 5, nikapata megabiti 38. Nikapita koridoni, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti cha binti wa kidato cha sita aliyekuwa anajisomea chumba cha mwisho, kuta tatu zikiwa katikati yetu na ruta. Simu ilijihamishia yenyewe kwenye gigahezi 2.4, na namba ikawa megabiti 5. Baba mwenye nyumba alikuwa amekwishaamua kuhamia kifurushi cha bei ya juu zaidi, na kama angefanya hivyo yule binti angeendelea kupata megabiti 5 zilezile. Fundi aliporefusha waya na ruta ikatundikwa juu ukutani katikati ya korido, chumba cha mwisho kikapata megabiti 24, na fedha ya kifurushi kikubwa ikabaki mfukoni.

Kwa hiyo kipimo cha haki kati ya mteja na kampuni ni cha waya. Kompyuta iunganishwe kwenye ruta kwa waya wa LAN, waifai ya kompyuta izimwe, televisheni na simu nyingine za nyumbani zitolewe kwenye mtandao, na ihakikishwe kwamba hakuna kinachojipakua kimyakimya, kwa maana masasisho ya Windows na picha za simu zinazojihifadhi mtandaoni zinaweza kumeza nusu ya kasi bila mwenye nyumba kujua. Namba itakayopatikana hapo ndiyo ya mtoa huduma. Tofauti kati ya namba hiyo na ile ya chumba cha mwisho ni ya nyumba yako mwenyewe, na hakuna kampuni itakayokurekebishia kwa kupigiwa simu ya malalamiko. Hata waya nao una mambo yake. Ukiwa na kifurushi cha megabiti 200 na kila ukipima namba inagota kwenye 94 au 95 bila kuvuka, tatizo kwa kawaida ni tundu la LAN la ruta ya zamani lenye ukomo wa megabiti 100, au waya ambao moja ya nyuzi zake imekatika. Kadhalika simu nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake kwa antena moja, na kwa viwango vya waifai vilivyozoeleka kwenye simu hizo haziwezi kuunganishwa na ruta kwa zaidi ya megabiti 72 hata ukiziweka juu ya ruta yenyewe. Kasi unayoiona ukipima huwa chini ya hapo kwa mbali. Kupima kifurushi cha megabiti 100 kwa simu ya namna hiyo ni kuipima simu.

Wanaotumia ruta za laini, yaani zinazopokea mawimbi ya 4G kutoka mnarani, wana kipimo kingine cha kuangalia kabla ya kasi, nacho ni nguvu ya mawimbi. Ukifungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari, kwa anwani iliyobandikwa chini yake, utakuta mahali palipoandikwa RSRP, pakiwa na namba iliyo chini ya sifuri. Hasi 80 ni mawimbi mazuri sana, hasi 100 yanaanza kuwa hafifu, na ukikaribia hasi 115 ruta inahangaika. Milima yetu ni mizuri kwa macho, lakini nyumba iliyofichwa na mgongo wa kilima au kuzungukwa na miti mirefu ya paina inaweza kuwa kilomita moja tu kutoka mnarani na bado ikapata mawimbi dhaifu kuliko nyumba iliyo mbali inayouona mnara huo waziwazi. Nilimsaidia mama mmoja anayeuza nguo kwa mtandao akiwa nyumbani kwake kuhamisha ruta kutoka kwenye kabati la vyombo hadi kwenye dirisha linaloelekea mnarani. RSRP ilipanda kutoka hasi 112 hadi hasi 97, na picha za bidhaa zake, ambazo awali zilikuwa zinakwama njiani, zikaanza kupanda bila shida. Hakununua chochote.

Ukisha kuondoa matatizo ya nyumba, kinachofuata ni saa. Kipimo cha saa nne asubuhi siku ya kazi hakina maana kubwa kwa familia inayotumia intaneti saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani. Mnara wa simu hugawa uwezo wake kwa kila aliyeunganishwa, na watu wengi wanavyozidi kuwasha video kwa pamoja ndivyo kila mmoja anavyopata kidogo. Faiba, yaani huduma inayoletwa nyumbani kwa uzi unaopitisha mwanga, nayo ni ya kugawana, ingawa wengi hawajui. Katika mfumo uitwao GPON, unaotumika sana kwa faiba za majumbani, uzi mmoja wenye uwezo wa gigabiti 2.5 hivi kwa upande wa kupakua hugawanywa kwa nyumba 32, na wakati mwingine 64. Mgawanyo huo si dhuluma, maana ni nadra nyumba zote kupakua kwa sekunde ileile, na bila kugawana bei ingetushinda sote. Inakuwa dhuluma pale kampuni inapoongeza wateja bila kuongeza uwezo wa njia inayotoka mtaani kwenda nje, na dalili yake mteja huiona mwenyewe anapopima: asubuhi megabiti 39, mchana 35, saa mbili usiku 7, kwa waya uleule na ruta ileile. Hapo hakuna tena cha kumlaumu ukuta.

Iko pia njia ndefu zaidi ambayo si ya nyumba wala ya mtaa. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, na mwanga ndani ya uzi wa faiba husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake hakuwezi kupungua milisekunde 8, hata kama vifaa vyote vya njiani vingekuwa vipya. Tovuti iliyohifadhiwa Ulaya inaongeza maelfu ya kilomita za baharini, na muda wa kwenda na kurudi unaweza kupita milisekunde 100. Tunategemea Mkongo wa Taifa, yaani njia kuu ya faiba ya nchi, kufika pwani, na kutoka pwani tunategemea nyaya za chini ya bahari kama Seacom, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010. Mwezi Mei mwaka 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zikapoteza sehemu kubwa ya mawasiliano yao ya intaneti. Siku kama zile hakuna fundi wa Mbeya wala wa Iringa anayeweza kufanya lolote, na anayepima kwa seva ya karibu anaweza kuona namba nzuri wakati tovuti za nje hazifunguki.

Nimetaja milisekunde kwa makusudi, kwa sababu namba ya kupakua imetupofusha tusizione namba nyingine mbili. Programu ya kupima hutoa pia kasi ya kupakia na muda wa majibu, ambao vijana wanauita pingi. Mwanafunzi anayetuma kazi yake chuoni, mwalimu anayefundisha kwa video, na fundi cherehani anayerusha mitindo yake mtandaoni wanahitaji kupakia, na huko mara nyingi ruta za laini ndizo dhaifu zaidi. Muda wa majibu ndio unaoamua kama mazungumzo ya video yatakuwa mazungumzo au watu wataendelea kukatizana maneno. Nyumba inaweza kuwa na megabiti 30 za kupakua, lakini mtoto akianza kupakua mchezo, muda wa majibu ukaruka kutoka milisekunde 25 hadi 400, na kikao cha mzazi kikaharibika. Fast.com huonyesha jambo hili wazi ukibonyeza sehemu ya maelezo zaidi, kwa kuwa hutoa muda wa majibu wakati njia iko tupu na wakati imejaa. Baadhi ya ruta zina mpangilio wa kuzuia kifaa kimoja kisimeze njia yote, na kuuwasha mpangilio huo kunasaidia kuliko kununua megabiti nyingine kumi.

Wala hatuhitaji megabiti nyingi kama matangazo yanavyotaka tuamini. Netflix yenyewe inapendekeza megabiti 3 kwa video ya ubora wa 720p, megabiti 5 kwa ubora wa 1080p na megabiti 15 kwa ule wa 4K. Familia inayotazama video moja sebuleni huku mtoto akisoma chumbani na mzazi akizungumza kwa video inaishi vizuri kwa megabiti 15 za kweli saa mbili usiku. Tatizo ni hilo neno "za kweli".

Sisi wa mikoa hii tunajua vizuri ugomvi wa vipimo. Mkulima wa viazi mviringo wa Umalila au wa Njombe amelalamika miaka mingi kuhusu lumbesa, mnunuzi akilipa bei ya gunia moja kwa mzigo uliofungwa hadi ukaota kichwa, na Serikali kupitia Wakala wa Vipimo imekuwa ikisisitiza kwamba mazao yauzwe kwa kilo kwenye mizani. Hakuna aliyemwambia mkulima kwamba gunia lina uzito fulani kama kiwango cha juu tu na kwamba alichopata siku hiyo kinategemea hali. Kwenye intaneti ya nyumbani ndivyo tunavyoambiwa. Mkataba unataja kasi ya juu kabisa inayoweza kufikiwa, hautaji kasi ya chini ambayo kampuni inaisimamia, hausemi imepimwa saa ngapi wala kwa njia gani, na wakati mwingine maneno madogo ya mwishoni yanaeleza kwamba baada ya kutumia kiasi fulani cha data kasi itapunguzwa, ingawa kifurushi kinauzwa kama kisicho na kikomo. Mteja aliyepima kwa uangalifu wote nilioueleza, kwa waya, kwa saa tofauti na kwa seva tofauti, akifika ofisini na daftari lake anaweza kujibiwa kwamba hakuna kipengele kilichovunjwa. Nimeona jibu hilo likitolewa kwa adabu kwa jirani yangu na mtoa huduma ambaye sitamtaja, na kwa maandishi ya mkataba ule mhudumu alikuwa sahihi. Mkataba ndio uliokosea.

Jambo hili linawezekana kurekebishwa, na wenzetu wamekwishalifanya. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2018 kanuni za matangazo zinataka kampuni inayotangaza kasi ya intaneti ya nyumbani itaje ile ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata wakati wa msongamano, yaani kati ya saa 2 na saa 4 usiku, badala ya ile inayofikiwa na wachache. Kuanzia Machi 2019, kampuni zilizojiunga na mwongozo wa mamlaka yao iitwayo Ofcom humwambia mteja, kabla hajasaini, kasi ya chini inayodhaminiwa kwenye nyumba yake, na ikishuka chini ya hapo kampuni ikashindwa kurekebisha ndani ya siku 30, mteja huruhusiwa kuvunja mkataba bila kutozwa faini. Mwongozo huo ni wa hiari, na hilo linanipa matumaini zaidi, kwa maana kampuni zenye kujiamini zinaweza kuanza hapa kwetu bila kusubiri kanuni mpya. Najua Uingereza ina nyaya nyingi na umeme usiokatikakatika, na kiwango cha chini cha Mbeya kinaweza kuwa kidogo kuliko cha kwao. Sidai kiwango kikubwa. Kampuni ikiandika kwamba kwa kifurushi cha megabiti 20 inadhamini megabiti 8 saa mbili usiku, nitaona ni uungwana, kwa sababu nitajua ninanunua nini na nitaweza kulinganisha na kampuni ya jirani.

Kwa upande wa sheria hatuanzii sifuri. Tuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, tuna kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018 zilizotungwa chini yake, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, pamoja na baraza la ushauri la watumiaji linalopaswa kutusemea. Utaratibu wa malalamiko unamtaka mteja aanze kwa mtoa huduma wake, na asiporidhika ndipo aende kwenye Mamlaka. Ninachoiomba TCRA ni kutazama upya kipengele kimoja tu, mkataba wa huduma ya nyumbani, na kuzitaka kampuni ziandike kwa Kiswahili kasi ya chini ya kupakua na ya kupakia wakati wa msongamano, muda wa majibu unaotarajiwa hadi Dar es Salaam, kiasi cha data ambacho kikivukwa kasi itashushwa, na kasi itakayobaki baada ya hapo.

Wananchi nao, wakati tukisubiri, waanze kuweka kumbukumbu. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, kama ni kwa waya au kwa waifai na chumba gani, seva iliyotumika, na namba tatu za kupakua, kupakia na muda wa majibu. Picha ya majibu kwenye simu ihifadhiwe, kwa sababu inabeba saa yake yenyewe. Kabla ya kupima kwa faiba taa za kisanduku ziangaliwe, maana ile iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu mwanga wa faiba haufiki kabisa, na hapo kinachohitajika ni kumpigia fundi mara moja na kumtajia taa hiyo. Nimeona watu wakizima na kuwasha ruta usiku kucha kwa uzi uliokatwa na mchimbaji wa mtaro.

Ombi langu la mwisho ni kwa mafundi wanaofunga huduma hizi kutoka Mafinga hadi Kyela. Siku ya kufunga, fundi asiondoke baada ya kuona tu kwamba ukurasa umefunguka. Apime mbele ya mwenye nyumba kwa waya, apime kwa waifai karibu na ruta, na apime kwenye chumba kilicho mbali zaidi, aziandike namba hizo kwenye karatasi ya kazi anayobeba siku zote, waweke saini wote wawili, na nakala moja ibaki kwa mteja. Kazi hiyo haichukui robo saa. Na kwa kuwa mafundi wengi hufunga mchana, arudi au apige simu jioni moja ndani ya juma hilo, mteja ampe namba ya saa mbili usiku, nayo iandikwe kwenye karatasi ileile.

Mwalimu wa hisabati,
Uyole, Mbeya